Breki za nyuma kwenye gari la kujiundia: mpira wa kawaida au paipu ya wavu?

Gari la kujiundia likifika kwenye breki, swali la mipira ya nyuma, ile inayopeleka mafuta ya breki kwenye magurudumu, halikosi kuzuka. Je, ifungwe mipira ya kawaida, ya aina ile ile iliyokuwa kwenye gari lililochinjwa kutoa vipuri, au paipu za tefloni zilizovikwa wavu wa chuma cha pua? Wengi hujibu papo hapo: weka za wavu, ndizo za magari ya mashindano, pedali itakuwa ngumu. Jibu hilo si uongo. Ila kwa magurudumu ya nyuma sababu hiyo ya pedali ndiyo dhaifu kuliko zote, na zile zenye uzito hazitajwi.

Ukikanyaga breki, mafuta yanabanwa, na chochote kinachotanuka njiani kinakula sehemu ya mwendo wa pedali. Mpira wa kawaida hutanuka kidogo, na ukichakaa hutanuka zaidi. Tefloni iliyobanwa na wavu haitanuki kiasi cha kuhisiwa mguuni. Mpaka hapo wapenzi wa wavu wana haki yao. Lakini tazama nyuma ya gari kuna nini. Kwenye ekseli ya kipande kimoja, mara nyingi kuna mpira mmoja tu, mfupi, unaoshuka kutoka kwenye chasisi hadi kwenye kiungo cha njia tatu kilichofungwa juu ya ekseli. Kuanzia hapo ni paipu ngumu za chuma hadi kila gurudumu. Hata penye mipira miwili, kwa kuwa kila gurudumu lina mkono wake wa kulishikilia, magurudumu hayo hayageuzwi na usukani, kwa hiyo mpira hauhitaji urefu wa ule wa mbele. Na kama nyuma ni ngoma, viatu vya breki visiporekebishwa vikaribie ngoma, pengo hilo litameza mwendo wa pedali kuliko mpira wowote mzima.

Kuna pia wanaodai paipu za wavu zitaongeza nguvu ya breki za nyuma. Hapana. Mpira ukishatanuka na mafuta yakatulia, presha iliyo ndani yake ni ile ile. Uwiano wa mbele na nyuma huamuliwa na ukubwa wa pistoni, diski au ngoma, pamoja na valvu ya kupunguza presha ya nyuma kama ipo. Na ni afadhali iwe hivyo, maana magurudumu ya nyuma yakitangulia kukwama, gari linageuka mkia mbele.

Mpira wa kawaida una sifa moja ambayo haipewi heshima yake: unasema ukiumwa. Unapasuka ngozi kwa nje, unavimba, unalowa penye kiungo. Mingi ina mistari miwili iliyochorwa kwa urefu wake, kila mmoja upande wake. Ukishaufunga, fuata mstari kwa jicho. Ukiuona unazunguka kama nakshi ya fimbo, mpira umejisokota, fungua uanze upya. Paipu ya wavu isiyo na mstari inaweza kufungwa imesokoteka na isionekane. Tena wavu mtupu ni msumeno. Ukiguswa na paipu ya alumini au ukingo wa chasisi kwa kila tuta, unakula taratibu. Dawa yake ni ganda la plastiki, ila ganda nalo linaficha nyuzi zilizokatika. Tefloni yenyewe haipendi kukunjwa kwa kona kali. Ikishavunjika mkunjo ndani, huwezi kuona kwa nje.

Kwa upande wa pili, mpira wa kawaida una maradhi yake ya ndani. Ukizeeka, utando wake wa ndani unaweza kuvimba au kubanduka ukawa kama valvu ya njia moja: mguu unasukuma mafuta yapite, ukiachia hayarudi vizuri, na breki inabaki imeshika. Ndiyo maana mipira iliyokuja na gari lililochinjwa ni ya kutupa, hata ikionekana mizima. Itumie kupimia tu. Mpira pia hupitisha unyevu kidogo kidogo kuliko tefloni, na unyevu unashusha kiwango cha mafuta kuchemka: kwa mafuta ya breki ya daraja la DOT 4 viwango vya chini ni nyuzi 230 za Selsiasi mafuta yakiwa mapya na 155 yakishanywa maji. Lakini anayebadilisha mafuta kwa wakati hoja hii haimsumbui sana.

Tukija kwenye usalama, kiwango cha Marekani cha FMVSS 106 kinataka mpira wa breki ustahimili presha ya psi 4,000 (pauni kwa inchi ya mraba) kwa dakika mbili na kuchezeshwa mfululizo kwa saa 35. Paipu za wavu zinazofuzu zipo, na baadhi yake zimeongezewa kishikizo penye kiungo, kwa sababu hapo ndipo wavu huchoka. Kwa hiyo cha kuulizia ni alama ya kiwango kwenye paipu yenyewe. Zile za kukata na kufunga mwenyewe kwa spana nisingeziweka kwenye gari la barabarani. Ncha iliyobanwa kwa mashine inakupunguzia nafasi moja ya kukosea.

Sasa urefu, na hapa ndipo uamuzi wenyewe ulipo. Mpira wa gari lililochinjwa ulikatwa kufuata mikono ya gari lile na braketi yake, kile kipande cha chuma kinachoshika ncha ya mpira kwenye chasisi. Wewe umebadilisha vyote viwili. Ondoa springi, rudisha shokapu peke yake, halafu iache ekseli ining'inie hadi shokapu iishe mwendo. Hapo mpira lazima ubaki umelegea. Panda na jeki mpaka ekseli iguse kizuizi cha mpira, uangalie kama mpira wa breki umekaribia tairi, shafti au ekzosi. Kisha fanya lile linalosahaulika: upande mmoja juu, mwingine chini. Ekseli ikilala mshazari, mpira uliokuwa unatosha unaweza kukaza. Na kumbuka siku utakapofungua shokapu ukiwa chini ya gari: ekseli itaning'inia kwenye mpira huo kama hukuiwekea kitu chini.

Mtu akikuta mpira hautoshi, anaagiza paipu ya wavu ya urefu anaoutaka, na tatizo limekwisha. Sawa, lakini braketi ni yake. Hakuna kiwanda kilichoamua ikae pale. Ikihamishwa sentimita chache, mpira wa kawaida wa gari lolote linalopatikana kwa urahisi unaweza kutosha kikamilifu, na miaka mingi baadaye mwingine wa kufanana nao utapatikana bila kuagiza. Shida ni kwamba swali hili huja kwa kuchelewa, chasisi ikiwa imeshapigwa rangi, na hakuna anayetaka kuchomelea tena. Naamini paipu nyingi za wavu nyuma ya magari haya zimewekwa kwa sababu hiyo kuliko kwa sababu ya pedali. Mimi ningechagua mpira wa kawaida mpya, na ningeichomelea braketi kwa kuufuata huo, kabla ya rangi.

Ila kuna hali moja inayonifanya niagize paipu ya wavu bila kusita, nayo ni thredi, yaani meno ya kufungia. Gari la kuunganisha huwa na kalipa za gari moja na viungo vya jingine. Upande mmoja unakuta M10, yaani kipenyo cha milimita 10, ya hatua (umbali wa jino hadi jino) ya milimita 1, mwingine inchi 3/8 yenye meno 24 kwa inchi. Nati ya 3/8 ina kipenyo cha milimita 9.5 na hatua ya karibu 1.06, ukiitia kwenye tundu la M10 inaingia, inazunguka, hata inajifanya imekaza, kumbe imeshika ncha za meno tu. Midomo ya paipu nayo hutofautiana, mmoja umekunjwa mara mbili na mwingine una umbo la kiputo, na kila mmoja unataka kikalio chake. Adapta inaweza kuunganisha, lakini kila adapta ni sehemu nyingine ya kuvuja na urefu mwingine mgumu unaoning'inia penye mtikisiko. Fundi wa paipu za wavu anakutengenezea ncha moja M10 na nyingine 3/8, mradi umempelekea nati zenyewe mkononi azipime, si maelezo ya mdomo.