Rilei inayosikika vizuri inaweza kuwa chaguo baya

Kwenye redio tambuzi, yaani redio zinazotumia masafa ya mwenye leseni kwa sharti la kutomsumbua, watu wengi huchagua rilei, yaani redio ya katikati inayopokea ujumbe na kuurusha tena kwa mpokeaji, kwa ubora wa njia peke yake. Kwa maoni yangu hapo wamekosea tangu mwanzo. Kwanza hesabu rilei itaruhusiwa kurusha nguvu kiasi gani.

Chukua chaneli ya televisheni ya 8 MHz. Kelele kwenye kipokezi chetu ni kama -98 dBm (dBm hupima nguvu ya mawimbi; dB, yaani desibeli, hupima tofauti, na kila 10 dB ni mara kumi), redio zetu zinaishia 20 dBm, na tumepanga usumbufu kwenye antena ya televisheni usizidi -100 dBm. Mawimbi ya rilei A hupungua 100 dB hadi kwa mpokeaji wetu, na 110 dB hadi kwenye televisheni. Ya rilei B hupungua 108 dB na 128 dB. Kwa haraka utasema A imeshinda kwa 8 dB. Lakini A hairuhusiwi kupita 10 dBm, hivyo inafika na -90 dBm, 8 dB juu ya kelele. B inarusha 20 dBm zake zote na kufika na -88 dBm, yaani 10 dB juu. Tuseme mruko wa kwanza, kutoka chanzo hadi rilei, A ina 15 dB na B 12 dB. Kila rilei hupimwa kwa mruko wake dhaifu: A 8, B 10. Chagua B. Ukiilazimisha A irushe 20 dBm, televisheni itapata usumbufu mara kumi ya kikomo.

Kazi ipo kwenye ile 128 dB. Televisheni hairushi chochote, kwa hiyo huna cha kupima. Unakadiria kwa hifadhidata ya maeneo, kisha unajiwekea akiba ya desibeli kadhaa. Majaribio mengi ya kompyuta hudhani namba hii inajulikana kamili, ndiyo maana grafu zake hupendeza.

Vipimo navyo huchacha. Kwenye 600 MHz, rilei iliyo kwenye gari la kilomita 60 kwa saa hubadilikiwa na njia ndani ya milisekunde 13 hivi. Ya mtembea kwa miguu hudumu karibu 250. Ripoti zikichukua milisekunde 20 kukusanywa, ya gari usiihesabu kabisa. Kwa zilizotulia, usihame mpaka mpya izidi kwa 3 dB, la sivyo mtandao utashinda ukihamahama.

Wapo wanaochagua rilei kwa saa ya kuhesabu kurudi nyuma: kila rilei inahesabu, yenye njia bora humaliza mapema na kurusha, nyingine zikiisikia zinanyamaza. Kukiwa na kilima katikati hazisikiani, na mbili zinarusha pamoja. Mwachie mpokeaji aitangaze rilei iliyoshinda.

Rilei tatu juu ya paa moja zitazibwa na ghorofa lile lile, hivyo zitawanye. Mojawapo iwe tayari kwenye chaneli nyingine: mwenye leseni akirudi, kiwango cha IEEE 802.22, cha redio tambuzi kwenye chaneli za televisheni, kinakupa sekunde 2 tu za kuondoka.