Kopo la unga na masharti yake

Mtu akipima sukari asubuhi kabla hajala kitu, mashine ikasoma 6.3, hapa Dodoma ana milango miwili ya kugonga. Hospitali ataambiwa kisukari kinahesabiwa kuanzia 7.0, kwa hiyo bado yuko hatua ya awali: apunguze wanga, afanye mazoezi, arudi baada ya miezi kadhaa. Anatoka mikono mitupu. Kwa muuza dawa za asili sokoni Majengo anatoka na kopo la unga wa mlonge, uwatu, mdalasini au habasoda, pengine vyote kwa pamoja, na maelekezo ya kijiko asubuhi na jioni. Majirani watasema huyu wa pili ndiye aliyetibiwa, yule wa kwanza kapoteza nauli. Nadhani wanamwonea wa kwanza, ingawa mwenye kopo naye ana hoja zake na si wa kuchekwa.

Tumsikilize kwanza. Uwatu una nyuzi zinazovutika, na majaribio kadhaa madogo yameonyesha unashusha sukari kiasi. Mdalasini umetoa majibu yanayopishana. Berberini, kemikali ya mimea inayouzwa kama vidonge, ina takwimu nzuri kidogo, ingawa nyingi zinatoka China, kwa wagonjwa ambao tayari wana kisukari, na kwa muda mfupi. Tiba asili yenyewe inatambuliwa na sheria ya nchi tangu 2002. Halafu kuna jambo ambalo madaktari hawapendi kuambiwa: muuzaji anakukalisha, anakuuliza unalalaje na unakula nini, wakati chumba cha daktari kina foleni hadi mlangoni.

Ila kila kopo huja na masharti. Ukiwa kwenye dozi usiguse soda, chai unywe bila sukari, sembe uweke pembeni ule dona au uwele, usile usiku sana, pombe acha kabisa. Mteja anayashika yote kwa sababu katoa hela yake na hataki iende bure. Baada ya mwezi anapima, inasoma 5.7. Kopo linasifiwa ukoo mzima. Masharti, ambayo ni yaleyale aliyoyatoa daktari bila malipo, hayatajwi na mtu.

Na hata hiyo 5.7 tuitazame vizuri. Mashine za kutoboa kidole zinaruhusiwa kukosea kwa asilimia 15 kwa viwango hivi. Ile 6.3 ya mwanzo ingeweza kuwa 5.4, au 7.2, siku hiyohiyo kwa mtu yuleyule. Usingizi mbovu au homa ndogo navyo vinaipandisha. Wapo wanaoshangilia kupona tatizo ambalo hawakuwahi kuwa nalo, na wapo, jambo baya zaidi, ambao wamekwisha kufika kwenye kisukari na bado wanalamba kijiko.

Upande wa chakula na mwendo una ushahidi wa namna nyingine. Utafiti wa Marekani uliochapishwa 2002 uliwachukua watu 3,234 wenye sukari iliyopanda kidogo na kuwagawa makundi. Waliobadili ulaji na kutembea dakika 150 kwa wiki walipunguza uwezekano wa kupata kisukari kwa asilimia 58. Waliopewa metformin, dawa halisi ya kisukari, walipunguza kwa asilimia 31. Yaani sahani na miguu viliishinda dawa.

Hiyo 58 inapenda kunukuliwa bila kufunguliwa. Ifungue uone: katika kila watu 100 kwa mwaka, kisukari kiliwapata 11 wa kundi lililopewa vidonge visivyo na dawa na ushauri wa kawaida tu, karibu 8 wa metformin na karibu 5 wa kundi la chakula na mazoezi. Sasa warudie wale 100 wa kwanza. Watu 89 hawakupata kisukari mwaka ule bila msaada wowote wa maana. Wauzie hao 89 unga wa aina yoyote, hata wa muhogo, na utakuwa na shuhuda 89 za kweli kabisa za watu waliokunywa na hawakuugua. Ndiyo maana ushuhuda wa jirani, hata awe mkweli kiasi gani, haunisogezi.

Lakini hiyo 58 inawabana na watu wa upande wangu. Washiriki wale walikuwa na wastani wa kilo 94, wakapewa kila mmoja mwalimu wake na vipindi 16 katika miezi sita ya kwanza. Nani anavipata hivyo kwenye zahanati ya Bahi au Kongwa? India walijaribu jambo hilohilo kwa watu 531 wembamba zaidi, majibu yakatoka 2006: punguzo lilikuwa asilimia 28.5. Bado ni kubwa na karibu sawa na dawa, ila si 58. Mtaalamu anayemtajia 58 mkulima mwembamba wa Chamwino anamuuzia kopo lake naye.

Swali ninalolisikia sana ni hili: sijala tangu jana jioni, sukari ya asubuhi imetoka wapi? Imetoka kwenye ini, ambalo usiku kucha hutengeneza sukari na kuimwaga kwenye damu. Ini lililojaa mafuta halijui kukoma. Kwa hiyo mwenye kitambi, mtumishi aliyehamia na serikali na sasa anashinda kwenye kiti Mtumba kuanzia chapati ya saa nne, atapata zaidi kwa kupunguza kilo tano au sita kuliko kwa kijiko chochote.

Kinachoniudhi ni kwamba Ugogo umekaa juu ya chakula chenyewe. Mlenda mkavu uliotwangwa, ukapikwa na karanga, ukavutika kutoka kwenye sahani hadi mdomoni: ule utelezi ni nyuzi zinazochelewesha sukari kuingia kwenye damu, jamaa ya zilezile zinazosifiwa kwenye uwatu. Watu wanaukataa mezani kwa kuwa ni wa kijijini, kisha wanaenda kununua utelezi uliosagwa. Ugali wa uwele nao ni mzuri kuliko sembe, mradi usiwe mlima. Mlima wa uwele ni mlima wa wanga. (Zabibu za hapa wala msiziogope, kishada kidogo hakina neno. Juisi yake ndiyo soda kwa jina lingine.)

Hatari ya kopo ipo pia. Mdalasini wa kasia una kumarini, kemikali inayoweza kuumiza ini ukitumiwa kwa wingi kila siku. Ule wa Zanzibar unayo kidogo sana. Dawa "za asili" zimewahi kukutwa zimechanganywa kwa siri na vidonge vya kushusha sukari: Singapore mwaka 2008 watu wanne walikufa baada ya kumeza dawa za nguvu za kiume zilizotiwa glibenklamaidi.

Anayetaka uwatu atie kwenye mchuzi, amwambie daktari, hasa akiwa tayari anatumia vidonge. Anayekonda bila sababu, anayekunywa maji hayamtoshi na kuamka usiku kukojoa, hayo yote hapo juu hayamhusu. Aende hospitali leo. Na hospitali nazo zijifunze kwa muuza kopo. "Punguza wanga" ni maneno ya kusahaulika kabla ya geti. Mwandikie mtu masharti kwenye karatasi: chai bila sukari, ugali ngumi moja, mboga nusu ya sahani, nusu saa ya kutembea siku tano kwa wiki, na tarehe ya kurudi baada ya miezi mitatu kupima wastani wa sukari maabara, si kidoleni.