Nani Anamtazama Mhadhiri Mwanafunzi?

Kwenye programu za saikolojia ya kliniki nchini Marekani, mwanafunzi wa uzamivu haachiwi mgonjwa hivi hivi. Mazungumzo hurekodiwa, au msimamizi hukaa nyuma ya kioo kinachoonesha upande mmoja akifuatilia kila neno. Baadaye wanaketi wawili: hapa ulimkatiza, hapa ulifanya vyema kunyamaza. Kabla ya kuhitimu kuna mwaka mzima wa mafunzo kazini. Mkutano wa Boulder, Colorado, mwaka 1949 ndio uliotaka mtaalamu wa kliniki awe mtafiti na mtendaji kwa pamoja.

Mwanafunzi huyohuyo akipewa kufundisha Utangulizi wa Saikolojia, mambo hubadilika. Katika idara nyingi hukabidhiwa silabasi ya mwaka jana, slaidi za aliyemtangulia, pengine na semina ya siku moja kabla muhula haujaanza. Halafu anasimama mbele ya vijana mia mbili, na nyuma ya ukumbi hakuna wa kumtazama. Nadhani naye anastahili kufunzwa ualimu kama anavyofunzwa tiba.

Chukua mada moja inayowachanganya wanafunzi kila mwaka: kiimarishi hasi. Wakisikia "hasi" wanadhani ni adhabu. Gari linalia ting, ting, ting mpaka ufunge mkanda. Ukifunga, kelele inakoma, na kesho unafunga hata kabla halijaanza kulia. Kero imeondoka, tabia imeimarika, wala hakuna aliyeadhibiwa. Mwalimu mchanga, ambaye kwake jambo hili limekuwa jepesi mno, anasoma fasili, anauliza "kuna swali?", ukumbi kimya, anasonga mbele. Aliyefunzwa haamini kimya hicho. Anatoa mifano minne, kila mtu anainua kidole kwa jibu lake, na nusu ya ukumbi ikikosea ndipo anaanza kufundisha hasa.

Wanaopinga kuongeza mafunzo ya ualimu wana hoja, tena nzito. Ufadhili wa uzamivu una mwisho, na kila wiki ya kuandaa somo imetolewa kwenye tasnifu. Vyuo vinavyojali utafiti vinapoajiri hutazama makala zilizochapishwa kwanza. Tena si wote watakaofundisha. Wengi wanaishia hospitalini, kwenye kampuni au serikalini. Ila hoja inayonigusa zaidi ni nyingine: kwa jina la "mafunzo", idara inaweza kujipatia mhadhiri wa bei rahisi muhula hadi muhula. Anayefundisha somo lilelile kwa mara ya nne bila kuangaliwa hafunzwi chochote. Anatumikishwa.

Hata hivyo, saikolojia ndiyo taaluma yenye kisingizio kidogo kuliko zote, maana yenyewe huchunguza jinsi watu wanavyojifunza. Mwaka 2006 wanasaikolojia Roediger na Karpicke walionesha kwamba waliosoma maandishi mara mbili walikumbuka zaidi baada ya dakika tano, lakini baada ya wiki moja waliojipima kwa kukumbuka ndio waliobaki nayo. Ni ajabu mtu kuyafundisha matokeo hayo kwa kusoma slaidi kuanzia ya kwanza hadi ya sitini.

Wapo wanaosema fomu ambazo wanafunzi hujaza kumtathmini mwalimu zinatosha. Mwalimu atajirekebisha humo. Sina imani nazo kiasi hicho. Utafiti uliofanywa Harvard kwenye madarasa ya fizikia na kuchapishwa mwaka 2019 ulikuta kwamba wanafunzi waliofanyishwa kazi darasani walijifunza zaidi, ilhali wenyewe walihisi wamejifunza kidogo kuliko waliosikiliza mhadhara mtamu. Kijana anayeongozwa na fomu peke yake atajifunza kupendeza.

Huku kwetu Tanzania swali hili linatuhusu moja kwa moja. Vyuo vikuu huwachukua wahitimu wa shahada ya kwanza wenye GPA ya 3.8 na kuendelea kuwa wahadhiri wasaidizi wa ngazi ya kuanzia, wale tunaowaita TA, na GPA haisemi lolote kuhusu kueleza jambo. Mwalimu mwanafunzi anayekwenda BTP, yaani mazoezi ya kufundisha, katika shule ya kata anaandika andalio la somo, na mkaguzi anaketi dawati la nyuma na daftari lake. Kwa TA anayeongoza semina ya chuo kikuu, mara nyingi hakuna anayeketi nyuma hivyo.

Kwa hiyo sidai kozi nyingine yenye mtihani wake. Ningechukua utaratibu wa kliniki na kuuhamishia ukumbini: profesa aketi nyuma kwa dakika hamsini, mara tatu kwa muhula, na kila mara baadaye wazungumze nusu saa juu ya kilichotokea. Jumla ni saa nne. Kinachokwamisha ni kwamba saa hizo nne mara nyingi hazihesabiwi popote kwenye mzigo wa kazi wa profesa, na naye ana makala yake ya kumalizia.