Wahusika Wasiozeeka, Utani Wenye Tarehe

Hapa Tanga mazungumzo kuhusu The Simpsons, katuni ya Marekani ya vichekesho vya familia, huanzia karibu kila mara kwenye utabiri. Mtu hutuma kwenye kundi la WhatsApp picha ya Donald Trump wa katuni akiwa kwenye ngazi za umeme, chini yake kumeandikwa kwamba ilichorwa mwaka 2000, na kabla ya adhuhuri baraza zima limekwisha kukubaliana kwamba watunzi wa Marekani wana jini lao. Picha hiyo ilichorwa mwaka 2015, baada ya Trump mwenyewe kushuka kwa ngazi kama hizo mbele ya kamera siku alipotangaza kugombea urais. Episodi ya Machi 2000 ipo kweli, na ndani yake Lisa, binti wa familia hiyo, akiwa rais wa siku zijazo, analalamikia upungufu wa fedha aliorithi kutoka kwa Rais Trump. Lakini miezi michache kabla ya hapo Trump alikuwa ameonyesha hadharani nia ya kugombea kupitia chama kidogo cha Reform, akajitoa Februari mwaka huohuo. Watunzi walikuwa wakitania mambo ya msimu wao. Sisi tuliopokea utani baada ya habari yenyewe kusahauliwa ndio tulioufanya unabii.

Mfano huu unagusa jambo ambalo mashabiki wengi wamezoea kuligawa mafungu mawili. Kwenye fungu la kwanza wanaweka madokezo, yaani filamu, nyimbo na watu maarufu wanaopenyezwa ndani ya katuni, na hayo huyasifu kuwa werevu wa watunzi. Kwenye fungu la pili wanaweka makosa ya mwendelezo, pale hadithi ya leo inapoikana hadithi ya miaka iliyopita, na hayo huyahesabu kuwa uzembe. Kwa maoni yangu, sehemu kubwa ya fungu la pili imezaliwa na la kwanza. Kila dokezo huja na mwaka wake, na katuni ambayo watoto wake hawakui haiwezi kubeba miaka mingi bila kujikana.

Tazama jinsi ilivyotokea. Familia hiyo, iliyobuniwa na mchoraji Matt Groening, ilianza kuonekana mwaka 1987 katika vipande vifupi ndani ya kipindi cha mchekeshaji Tracey Ullman, ikapata kipindi chake yenyewe Desemba 1989. Bart ana miaka 10, Lisa 8, Maggie bado ananyonya kidude chake, na hivyo ndivyo walivyobaki. Mwaka 1991 tulionyeshwa wazazi wao, Homer na Marge, wakikutana sekondari mwaka 1974, na wimbo wa The Carpenters unatukumbusha ni zama zipi. Mwaka 1992 tukaambiwa kwamba Lisa alizaliwa wakati wa michezo ya Olimpiki ya 1984, iliyofanyika Los Angeles. Siku hiyo hesabu ilikuwa sahihi kabisa, kwani kutoka 1984 hadi 1992 ni miaka minane. Tatizo ni kwamba kalenda iliendelea kutembea na Lisa akasimama. Kijana aliyekuwa akimaliza sekondari mwaka 1974, wakati huku kwetu watu wanahamishiwa vijiji vya ujamaa, leo ni mzee wa kukaribia miaka 70 anayefuatilia pensheni yake. Hawezi kuwa baba wa mtoto anayenyonya, au akiwa, mtaa mzima utakuwa na la kusema. Kwa hiyo mwaka 2008 watunzi wakaandika ujana mpya: Homer na Marge sasa ni wapenzi wa miaka ya 1990 wasio na mtoto, na Homer ana bendi ya granji, muziki wa roki uliovuma miaka hiyo. Basi Lisa wa 1984 alizaliwa na nani?

Mashabiki walikasirika, na hasira hiyo naielewa, lakini sioni kwamba kulikuwa na njia nyingine. Lau Homer wa 1991 angependa tu msichana bila wimbo, bila suruali pana za chini na bila mwaka kutajwa, asingehitaji kusahihishwa. Ila pia isingekuwa hadithi nzuri, maana utamu wake wote ulikuwa katika zile zama.

Msikilizaji wa taarabu katika mji huu uliotoa vikundi vya Black Star na Lucky Star anaifahamu kazi ya dokezo bila kufundishwa: mpasho ukiimbwa harusini, mlengwa anajijua, jirani yake anacheka, na mgeni aliyeshuka leo kwenye basi anasikia wimbo wa mapenzi tu. Wimbo mzuri humtosheleza hata huyo mgeni. Kwa kipimo hicho, episodi ya 1993 inayomfuata Bwana Burns, tajiri aliyemwajiri Homer, akimlilia dubu wake wa utotoni ni kazi bora, kwa sababu asiyewahi kusikia habari za Citizen Kane, filamu ya 1941 inayodokezwa humo, bado anamwona tajiri mwenye kila kitu isipokuwa kile anachokitaka. South Park, katuni nyingine ya Marekani, ambayo kwa kawaida episodi yake hutengenezwa kwa siku sita, inaweza kudaka habari ya wiki ikiwa bado ya moto. Lakini habari hiyo ikipoa, mtazamaji wa Ngamiani hapa mjini aliyeingiziwa msimu mzima kwenye flashi dukani anabaki na watoto wanaotukana watu asiowajua.

Flashi hizo nazo zina mchango wake. Wengi wetu hatukuifuata katuni hii wiki kwa wiki kama Wamarekani, bali tulipewa misimu ikiwa imechanganyika, ya 2008 ikitangulia ya 1992, na majina ya mafaili hayasemi lolote. Kwa mtazamaji wa namna hiyo makosa ya mwendelezo karibu hayapo, maana hana mstari wa kuuvunja. Nimewahi kumsikia kijana akibisha kwa nguvu kwamba Smithers, msaidizi wa Burns, ni watu wawili, mmoja mweusi na mmoja wa manjano, na hoja yake ilikuwa na mantiki kuliko ukweli wenyewe, ambao ni kwamba mwanzoni mwa 1990 alipakwa rangi isiyo yake kwa bahati mbaya. Kosa la rangi ni kosa la rangi, silipi uzito.

Ninaloshindwa kulisamehe ni la 1997. Seymour Skinner, mwalimu mkuu tuliyemfahamu kwa misimu minane, mtu wa nidhamu anayeishi na mama yake, anafichuliwa kuwa ni Armin Tamzarian aliyechukua jina la mwanajeshi aliyedhaniwa amekufa Vietnam. Mwishoni hakimu anaamuru kila kitu kirudi kama kilivyokuwa, na atakayelitaja jambo hilo ateswe. Harry Shearer, mwenye sauti ya Skinner, aliilaumu episodi hiyo waziwazi, na niko upande wake. Kalenda haikuwalazimisha watunzi hapa. Walichagua wenyewe kututaka tucheke uhusiano wa mtu na mama yake kisha tujifanye hatukuona. Tarehe ya kuzaliwa ikihama, Lisa bado ni Lisa, ila Skinner akiwa si Skinner, kila kicheko cha nyuma kinadaiwa upya.

Watunzi wana ujanja wao wa kukwepa lawama, nao ni kujicheka kabla hujawacheka. Mwaka huohuo wa 1997 waliwaweka kwenye skrini mashabiki wanaohoji ubavu mmoja wa paka, mhusika wa katuni iliyo ndani ya katuni hiyo, uliotoa sauti mbili tofauti ulipopigwa kama marimba, na mwaka 2000 familia ilipopata farasi, muuza vitabu vya katuni akasimama kuwakumbusha kwamba walishakuwa naye zamani. Mara ya kwanza nilicheka sana. Ujanja huo ukirudiwa, naona ni deni linalotajwa kwa sauti kubwa bila kulipwa.

Vijana wa hapa wanaojifunza kuchora katuni kwa kompyuta wakitaka kutunga komedi ya familia ya Tanga, watakutana na jambo hili mapema kuliko wanavyodhani. Baba anayefanya kazi ya mkonge anaweza kuwa wa mwaka wowote katika karne nzima, lakini baba aliyeajiriwa kwenye ujenzi wa bomba la mafuta la Chongoleani amekwisha kupigwa muhuri. Na lazima atakuwepo mzee wa barazani anayejisifu kwamba aliishuhudia Coastal Union ikitwaa ubingwa wa 1988, kwa sababu Tanga bila mzee huyo si Tanga. Msimu wa kumi ukifika, ama wamnyang'anye kombe lake ama wamwache azeeke. Mimi ningemwacha azeeke, mvi zimtoke, na wajukuu wake waingie sekondari, hata kama mchoraji atalalamika kwamba inabidi achore sare mpya.