Kabla hujaongeza maxThreads, uliza nani anazimaliza

Seva ikianza kusuasua, ushauri wa kwanza kwenye magrupu yetu ya WhatsApp ni ule ule: ongeza maxThreads, yaani idadi ya juu ya thredi, wale wahudumu wa ndani ya seva ambao kila mmoja hushika ombi moja kwa wakati. Weka 400. Ikigoma weka 800, ristati, maisha yaendelee. Siukubali ushauri huo, hasa pale Tomcat moja, seva ya kuendeshea programu za Java za wavuti, inapobeba programu tano au sita za ofisi moja. Najua wapo watakaosema siku hizi kila programu ina kontena lake la Docker. Kwenye mikutano ya madeveloper, labda. Kwenye ofisi nyingi nilizoziona, Tomcat ni moja, folda ya webapps ni moja, na ndani yake kuna mishahara, likizo, stoo, malalamiko ya wananchi, na ile programu ya ripoti ambayo aliyeiandika alishahamia kwingine.

Mpangilio huo una historia yake na simlaumu mtu. Bajeti ilitosha seva moja, programu zikaja moja moja, na kila fundi aliyekuja na WAR yake (faili la programu ya Java iliyofungashwa) aliiweka kwenye folda, ikafunguka, akasaini makabidhiano akaondoka. Hakuna aliyeuliza itakuwaje zote zikipata kazi siku moja. Ni nyumba ya kupanga yenye LUKU moja: mmoja akiwasha jiko la umeme, uniti zinaisha kwa wote, na aliyekuwa anachaji simu tu ndiye anayelala gizani.

Tuziangalie namba zenyewe. Tomcat usipoigusa, konekta yake ya HTTP, mlango wa kupokelea maombi, ina thredi 200 za kuhudumia maombi. Hizo 200 ni za konekta nzima, anayewahi ndiye anayechukua. Zikiisha, miunganisho mipya inaendelea kupokelewa na kusubirishwa hadi 8192 kwenye matoleo ya sasa. Ikijaa hapo ndipo inaanza foleni ya mfumo endeshi, inayoitwa acceptCount, ambayo ni 100. Maana yake Tomcat iko tayari kuwaweka maelfu ya watu kwenye benchi kabla ya kumwambia hata mmoja kwamba leo hakuna nafasi.

Na hizo thredi 200 zinatosha watu wangapi? Inategemea kila ombi linakaa muda gani. Mwaka 1961 John Little alithibitisha kanuni ambayo kila mwenye nywila ya seva angepaswa kuijua kwa moyo: idadi ya maombi yaliyomo ndani ni sawa na kasi yanavyoingia mara muda linaokaa kila moja. Ombi likichukua nusu sekunde, thredi 200 zinahudumia maombi 400 kwa sekunde, na hizo ni nyingi kwa ofisi yoyote ya mkoa. Ombi hilo hilo likianza kuchukua sekunde 10, zinahudumia 20. Usanidi haujaguswa. Kilichobadilika ni muda, na muda mara nyingi unaliwa nyuma, kwenye databesi. Ukiongeza thredi unaruhusu watu wengi zaidi waende kusubiri mbele ya mlango ule ule.

Nimewahi kuitwa ofisi moja mwisho wa mwezi, mapokezi wakiwaambia wananchi kwamba mtandao unasumbua. Mtandao ulikuwa mzima kabisa. Nikapiga jstack, amri inayoonyesha kila thredi inafanya nini, kwenye mchakato wa Java, orodha ikaanza kushuka: http-nio-8080-exec-41, exec-42, exec-43, karibu zote zikiwa TIMED_WAITING, yaani zinasubiri. Ukishuka mistari michache chini ya kila moja unakutana na jina lile lile, HikariPool.getConnection, na chini zaidi unakuta madarasa ya programu ya ripoti. HikariCP, maktaba ya Java inayotunza bwawa la miunganisho, kwa kawaida inatoa miunganisho 10 tu ya databesi kwa programu, na asiyepata anasubiri sekunde 30 kisha anarudishiwa kosa. Hapo kuna mtu, kwa nia njema, alikuwa ameuvuta muda huo wa kusubiri hadi dakika kadhaa ili watu wasione makosa. Basi uhasibu wa matawi yote wakabonyeza kitufe cha kupakua PDF, wakaona kimya, wakabonyeza tena. Kila mbonyezo ni ombi jipya, na lile la kwanza halifi, kwa sababu Tomcat haijui kwamba kivinjari kimeshaondoka mpaka itakapojaribu kukiandikia jibu. Portal ya malalamiko, ambayo haina uhusiano wowote na ripoti wala databesi ile, ikakosa thredi hata moja.

Sasa weka maxThreads 800 kwenye hali hiyo. Watu 10 wako kwenye databesi, 790 wanawasubiri. Ukiongeza na miunganisho ya databesi ndiyo unaharibu zaidi: PostgreSQL, databesi inayotumika sana, inakuja na max_connections (kikomo cha miunganisho) 100, na 3 kati ya hizo zimetengwa kwa msimamizi. Programu sita zikidai 30 kila moja ni 180. Kwa kuwa HikariCP usipoiambia vinginevyo huijaza bwawa lake lote hata kabla hajaja mteja, programu za mwisho kuamka ndizo zitakazokuta databesi inasema nafasi zimekwisha. Na mtu atasema programu hizo ndizo mbovu.

Ninachokitaka mimi ni mgao. Kila programu ipewe kiasi chake cha thredi, na ikikimaliza ikatae maombi yake yenyewe bila kugusa ya jirani. Tomcat ina kifaa cha kazi hiyo na sijui kwa nini hakizungumzwi: SemaphoreValve, vali inayohesabu maombi. Unaiweka kwenye context.xml ya programu, unaandika concurrency ya 15 au 40, na programu hiyo haitashughulikia maombi zaidi ya hayo kwa wakati mmoja. Ila ina mitego miwili. Wa kwanza ni kwamba block kwa kawaida ni true, yaani ombi lililokosa nafasi linasubiri, na linasubiri likiwa limeshika thredi ya konekta, ile ile uliyokuwa unajaribu kuiokoa. Weka false. Wa pili ni kwamba ukishaweka false, ombi lililokataliwa hurudi na jibu la 200 lisilo na kitu ndani, na mtumiaji anaona ukurasa mweupe. Matoleo ya karibuni yana highConcurrencyStatus, iweke 503, yaani huduma haipatikani kwa sasa. Kama Tomcat yako ni ya zamani, limit_conn ya nginx, seva inayopokea maombi mbele ya Tomcat, inaweza kuifanya kazi hiyo, tena vizuri. Na picha na faili za CSS zihudumiwe na nginx, maana vali haichagui: nembo ya taasisi inakula nafasi sawa na ripoti ya mwaka.

Wakubwa hawaipendi 503. Wanaona ni kushindwa. Mimi naona mtu aliyeambiwa ndani ya sekunde moja arudi baada ya dakika mbili ametendewa vizuri kuliko aliyeachwa akitazama duara linazunguka mpaka kivinjari kikate tamaa.

Halafu kuna kuwasha, jambo ambalo watu hulichukulia kama la usiku tu. Hakuna usiku. Umeme ukikatika saa nne asubuhi na UPS ikachoka, utawasha seva huku watu wamejaa dirishani.

Tomcat, kwa chaguo-msingi, huwasha programu moja baada ya nyingine. startStopThreads ya Host, yaani idadi ya thredi za kuwashia programu, ni 1. Programu sita za sekunde 90 kila moja ni dakika tisa, na konekta haianzi kuhudumia mtu yeyote mpaka zote zimalize. Programu iliyokuwa tayari ndani ya dakika moja na nusu inawangoja wenzake watano. Ukiweka 0, Tomcat itatumia thredi nyingi kama zilivyo kori za prosesa, na dakika zitapungua. Zitapungua kama diski na databesi vinahimili, kwa sababu sasa programu zote sita zinafungua miunganisho, zinasoma jar na kujaza kache kwa mpigo. Kwenye mashine ya kori mbili naweka 2 na naishia hapo.

Wapo wanaodhani load-on-startup ya web.xml itawasaidia kupanga nani aanze. Hiyo inapanga servlet (vipande vya programu vinavyojibu maombi) zilizo ndani ya programu moja, ndogo kwanza. Haisemi lolote kati ya programu na programu. Ni kweli kwamba Tomcat hupitia faili za maelezo ya XML kwanza, kisha WAR, kisha folda, lakini ukijenga mfumo unaotegemea stoo iamke kabla ya mishahara kwa sababu ya mpangilio huo, unajenga juu ya mchanga. Programu inayomhitaji jirani yake ijifunze kumsubiri na kujaribu tena yenyewe.

Kinachoniudhi zaidi kwenye kuwasha ni bindOnInit. Kwa kawaida ni true: Tomcat inashika mlango wa 8080 mapema kabisa, kabla programu hazijaanza, ingawa hakuna anayehudumiwa. Kwa hiyo dakika zote tisa nginx inabisha, inapokelewa na mfumo endeshi, inaamini kuna mtu ndani, na inasubiri sekunde 60 kabla ya kurudisha 504, kosa la muda wa kusubiri kuisha. Ukiweka bindOnInit kuwa false, mlango unabaki umefungwa mpaka kila kitu kiwe tayari. nginx inakataliwa papo hapo, na inaweza kupeleka ombi kwenye seva nyingine kama ipo, au kuonyesha ukurasa wa matengenezo wenye sentensi mbili za Kiswahili. Ni mstari mmoja wa usanidi.

Na mlango ukifunguka? Wale wote waliokuwa wanabonyeza F5 wanaingia pamoja kwenye JVM, mashine pepe ya Java, ikiwa bado baridi. Java siku zote ni nzito dakika zake za mwanzo, maana msimbo bado haujageuzwa kuwa lugha ya mashine na kache ni tupu. Ombi la nusu sekunde linachukua tatu, na ile hesabu ya Little inaanza kukufanyia kazi kinyume. Ndiyo sababu seva nyingi huanguka mara ya pili mara tu baada ya kuamka, fundi akaristati tena, na mzunguko ukaendelea mpaka saa ya chakula cha mchana watu wanapoondoka wenyewe. Mgao ukiwepo, mafuriko hayo yanapunguzwa mlangoni. Mimi huongeza hatua moja: kabla ya kuiambia nginx ifungue, hati ndogo ya curl (amri ya kufungua kurasa bila kivinjari) inapita kwenye kurasa za kuingia na orodha kubwa za kila programu ili zipate moto.

Kuhamia Kubernetes, mfumo wa kuendesha makontena, hakufuti lolote kati ya haya. Kunayahamisha. Programu ya dakika mbili ikiwekewa livenessProbe (kipimo cha kuona kama programu iko hai) isiyo na subira inauawa kabla haijaamka, inaanzishwa upya, inauawa tena. startupProbe, kipimo kinachoisubiri programu iamke kwanza, ililetwa kwa ajili ya programu kama hizo zinazochelewa, na imekuwa imara tangu toleo la 1.20, lakini bado nakutana na faili za usanidi za YAML zisizo nayo. Watu pia huibana Java kwa nusu kori ya prosesa kwa sababu mchana haitumii zaidi ya hapo, wakisahau kwamba wakati wa kuamka ndipo inapohitaji prosesa kuliko wakati wowote.

Kitu kimoja ambacho mgao wa thredi hauwezi kukitibu ni kumbukumbu. JVM moja ina heap (eneo la kumbukumbu) moja, na programu moja ikiimaliza, OutOfMemoryError inaweza kumtokea yeyote aliyekuwa anaomba baiti wakati huo. Kwa hiyo programu inayolipa mishahara, au inayopokea pesa, ipewe Tomcat yake na JVM yake hata kama ni kwenye mashine ile ile.

Ila kwa ripoti nzito nina msimamo mkali zaidi: isiwe ombi la wavuti kabisa. DHIS2, mfumo wa takwimu za afya uliozaliwa Chuo Kikuu cha Oslo na ambao Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda wote wanautumia, ni programu ya Java inayokaa ndani ya Tomcat kama hizi zetu. Haijaribu kuchambua data ghafi za nchi nzima kila anayefungua dashibodi. Ina majedwali ya uchambuzi yanayotengenezwa na kazi ya ratiba, kwa kawaida usiku, na mchana watu wanasoma kilichokwisha kuandaliwa. Matokeo ya NECTA, Baraza la Mitihani la Tanzania, nayo yamekuwa yakiwekwa kama kurasa za HTML zilizokamilika, shule moja ukurasa mmoja. Watu hucheka sura zake. Mimi sizicheki, kwa sababu siku nchi nzima inapofungua tovuti kwa wakati mmoja, faili la HTML halihitaji muunganisho wa databesi.

Kwenye thredi 200 huwa sigawi zote. Nabakiza kama 20 za ukaguzi wa afya ya seva na za fundi kuingia kuona kinachoendelea, na zilizobaki nazigawa kwa uzito wa huduma, wananchi kwanza. Ripoti naipa 15. Uhasibu wakilalamika nawauliza ni ipi kati ya ripoti zao isiyoweza kutengenezwa saa nane usiku ikawangoja asubuhi, na jibu hubadilika kulingana na mkubwa aliyehudhuria kikao.