Kadi ya Baba Mdogo

Studio yetu ya video za harusi iko Mwanga, Kigoma: chumba kimoja, pazia jekundu, na kompyuta ya mezani ya mtumba. Mwenye mtaji ni baba mdogo. Biashara yake hasa ni dagaa anaoshusha Dar. Studio kaifungua ili niache kuzurura. Jioni hupenda kukaa kwenye kiti cha wateja akiutazama mstari wa kurenda, yaani kompyuta ikiitoa video iliyokamilika, unavyosogea, na huukasirikia kama kibarua anayetegea.

"Hiki kidude kinataka nini ili kiende?"

Nikamwambia kinataka kadi ya grafiki. Nikamwandikia na karatasi kabisa: GTX 1050 Ti. Ni ya mwaka 2016, inakula wati 75 tu, na ndani yake mna NVENC, yaani kile kipande cha chipu ambacho kazi yake ni kubana video basi. Karatasi akaitia mfukoni, akapanda treni na magunia yake.

Tatizo la karatasi ni kwamba haiwezi kubishana na muuzaji wa Kariakoo. Baba mdogo akarudi na GT 1030.

"Zote za kampuni moja, Nvidia, hii nusu ya bei. Haina hata feni, haipigi kelele! Wati 30 tu. Nimekuokolea LUKU hapo."

Kwenye mapezi ya kupoozea nikaokota kichwa cha dagaa.

Sasa, GT 1030 iliyotoka 2017 inakuonyesha video bila shida yoyote, lakini kubana haibani. NVENC haimo. Nvidia wenyewe wameliweka wazi kwenye jedwali lao, ila nani anabeba jedwali Kariakoo? Na mzee aliyesafiri na kitu kapakata mapajani humwambii mlangoni kwamba kaleta siyo. Nikaifunga. Waya wa skrini nikauchomeka kwenye kadi, picha ikawaka, baba mdogo akapiga makofi.

Jioni hiyo akaingia mama wa bibi harusi kutoka Ujiji, flashi kaifunga kwenye pindo la khanga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Video yangu iko wapi? Wageni wa Bujumbura wanaondoka alfajiri."

"Kaa hapo, mama," baba mdogo akamjibu kabla yangu. "Leo tumefunga mtambo kutoka Dar."

Nikabonyeza. Lile chaguo la kurenda kwa msaada wa chipu limefifia, halibonyezeki. Nikaelewa balaa lenyewe. Prosesa yetu ni Intel, na tangu 2011 Intel huweka Quick Sync, kipande chao cha kubana video, kwenye grafiki iliyo ndani ya prosesa zao nyingi. Hiyo ndiyo iliyokuwa ikitubebea harusi zote bila kusifiwa na mtu. Kompyuta nyingi, ukizichomekea kadi, huizimisha grafiki ya ndani, na Quick Sync inalala nayo. Kwa hiyo tulikuwa tumelipa hela ili tuwe wazito zaidi. Ipo njia ya kuziamsha zote mbili kupitia BIOS, ile mipangilio ya ndani unayoifungua kompyuta inapowaka, lakini kaingie wewe BIOS huku mama wa bibi harusi anakupumulia kisogoni.

Asilimia 4. Mama akaagiza chai. Asilimia 9, akavua viatu. Dada yake akamfuata, wakaanza kumjadili shemeji wa Kasulu ambaye mchango hakutoa na pilau karudia. Baba mdogo akaenda kuswali isha, akarudi, akakuta 17. Akaipapasa kompyuta ubavuni.

"Inafanya kazi. Ina joto."

Joto lilikuwa la prosesa, maskini, inabana harusi nzima peke yake.

Simu ikamwita nje, ya mambo ya magunia, na hizo huwa ndefu. Nikazima, nikachomoa kadi nikaitupia kwenye droo, waya wa skrini nikaurudisha mahali pake pa zamani, nikaanza upya. Mama akauliza mbona giza, nikamwambia inapumzishwa. Mstari ukaanza kukimbia. Baba mdogo alipoingia ilikuwa imepita nusu.

"Si nilisema? Ilikuwa haijachanganya!"

"Mungu akuzidishie, baba," mama akamwambia, akimnyooshea yeye pesa ya kazi. Mimi nikabaki nimeshika flashi.

Asubuhi akafungua droo kutafuta kalamu, akatoka na kadi mkononi. Nikamweleza yote, na jedwali nikamwonyesha kwenye simu. Akaigeuzageuza, akainusa, akatoka nayo bila neno. Kufika mchana alikuwa amemuuzia kijana wa Katubuka anayecheza gemu za mpira, kwa elfu thelathini zaidi ya bei aliyonunulia.

"Nikienda Dar tena," akaniuliza akihesabu noti, "nilete hizi hizi ngapi?"