Kibali cha Ujenzi Arusha: Muhuri Upo, Mkaguzi Yuko Wapi?

Katika kata za pembezoni mwa Jiji la Arusha kama Muriet, Olasiti na Moshono, nyumba nyingi huanza na mkataba wa mauziano uliogongwa muhuri wa serikali ya mtaa, kisha hufuata lori la mawe, na baada ya miaka kadhaa ndipo boma hupata bati. Kibali cha ujenzi mara nyingi hakimo katika safari hiyo, au hutafutwa mbiombio siku ukuta unapochorwa alama ya X nyekundu. Hapo ndipo malumbano huanza: mjenzi hulalamika kwamba anakamuliwa, halmashauri hujibu kwamba sheria imevunjwa. Kwa maoni yangu, wote wawili wanagombania karatasi, ilhali kinachomlinda mwenye nyumba na jirani yake ni ukaguzi.

Sheria yenyewe haina utata. Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 inataka uendelezaji wa ardhi katika eneo la mipango upate idhini ya mamlaka husika, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, jambo linalowagusa moja kwa moja waliojenga kando ya Themi na Naura. Wanaotetea udhibiti mkali hukumbusha pia jengo la ghorofa 16 lililoporomoka Dar es Salaam tarehe 29 Machi 2013 na kuua watu 36. Mfano huo ni mzito, lakini hauisaidii sana hoja ya nyumba ya kawaida ya vyumba vitatu, ambayo hatari yake kubwa imefukiwa ardhini.

Tuchukue kiwanja cha mita 20 kwa 20, ukubwa unaouzwa sana. Kanuni iliyozoeleka ya afya hutaka shimo la majitaka, yaani karo, liwe umbali wa mita 30 hivi kutoka kisima. Ukipima kiwanja hicho kutoka kona moja hadi ya pili kwa mshazari, unapata mita 28 na ushee. Maana yake ni kwamba mwenye kiwanja, hata awe mwangalifu kiasi gani, hawezi kuitimiza kanuni hiyo ndani ya mipaka yake, na wala hana namna ya kujua kama jirani wa chini atachimba kisima mwakani. Mwenye kuona viwanja vyote kwa pamoja ni mamlaka ya mipango peke yake, na hii ndiyo hoja yenye nguvu kuliko zote upande wa kibali, hasa katika mji uliokaa kwenye mteremko wa Mlima Meru ambako mtandao wa majitaka haujafika kila mtaa.

Hata hivyo, wanaolalamika hawalalamiki bure. Utaratibu wa kibali humchukulia mjenzi kama mtu mwenye hati, michoro ya kitaalamu na fedha za kumaliza nyumba kwa mkupuo, wakati mjenzi halisi ana mkataba wa mtaa, ramani aliyoichukua kwa rafiki, na mshahara unaonunua tofali mia mbili kwa mwezi. Kibali kina muda wake; boma halina. Aliyenunua katika eneo lisilopimwa huambiwa aanze na urasimishaji, yaani eneo lipimwe na kutambuliwa rasmi, jambo lisilo mikononi mwake peke yake. Kuhamishia maombi kwenye mfumo wa kielektroniki wa TAUSI kumepunguza safari za ofisini, na hilo ni la kushukuriwa, ila mfumo hauwezi kujua kama mtaro wa bomba umeshafukiwa.

Kazi ya fundi bomba inaonyesha pengo hilo waziwazi. Kwa umeme kuna kizuizi kinachoeleweka: TANESCO hutaka fomu ya mkandarasi mwenye leseni ya EWURA, mdhibiti wa huduma za nishati na maji, kabla ya kuunganisha nyumba. Kwa maji, mamlaka huleta huduma hadi kwenye dira, na kuanzia hapo bomba ni la mwenye nyumba na fundi aliyempata kwa kusikia sifa zake. Bomba la maji safi likipitishwa karibu na karo na kiungo kikawa kinavuja, siku za maji mengi halitaonyesha dosari. Siku ya mgawo, msukumo unapokatika, bomba linaweza kufyonza uchafu ulio nje. Vivyo hivyo, bomba la inchi nne la majitaka huhitaji kushuka takriban sentimita 2.5 kwa kila mita, kipimo ambacho hukaguliwa kwa dakika chache mtaro ukiwa wazi, na kwa sururu ukishafukiwa.

Kwa hiyo ningependa ada ya kibali cha nyumba ndogo ipunguzwe, na sehemu kubwa ya ada hiyo ilipwe kwa ziara mbili za lazima: moja kabla ya kufukia karo na mabomba ya nje, nyingine kabla ya plasta, mabomba ya ndani yakiwa yamejazwa maji na geji ya msukumo ikisomwa. Nakiri kwamba wahandisi wa halmashauri hawatoshi, na ukaguzi mwingi ukikosa watu hugeuka kuwa foleni nyingine, pengine na bahasha nyingine. Maofisa nao wana hofu ya haki: kumkagua asiye na hati kunaweza kutafsiriwa kama kumtambua kuwa mmiliki. Hofu hiyo inaondolewa na mstari mmoja kwenye fomu, unaosema kwamba taarifa ya ukaguzi si uthibitisho wa umiliki, na ya kwanza kati ya ziara hizo mbili anaweza kuifanya bwana afya wa kata, ambaye tayari huzunguka mitaani akikagua vyoo na mabanda ya chakula.